Ndiyo ya nani? Swali kanushi na leseni ya mtumbwi

Swali: Ninaandika programu ya kuandikisha mitumbwi ya mialo ya Ilemela. Wamiliki hujibu kwa meseji, na programu hugeuza "ndiyo" kuwa kweli na "hapana" kuwa si kweli. Wengine huandika "ndio", wengine "ndyo", wengine "hamna". Je, kwa Kiswahili sanifu nikubali tahajia ipi? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

Jibu: Ndugu yangu, jibu sanifu la kukubali ni "ndiyo": ndi- ya kusisitiza imeungana na -yo, kama tunaposema "nyumba ndiyo hii", ilhali "ndio" ina kazi yake katika "wavuvi ndio hawa" na "mtumbwi ndio huu". Hata hivyo sharti hilo linakubana wewe unayetunga swali, wala halimbani mvuvi anayejibu kwa simu ya vitufe huku mikono imelowa. Programu iondoe nafasi tupu za mwanzo na mwisho wa jibu, igeuze herufi zote kuwa ndogo, kisha ipokee "ndiyo", "ndio" na hata "ndyo". Nimepigana na "ndio" kwa muda mrefu, na sasa ninaiacha ipite.

Nisichoweza kukiacha kipite ni swali la kwanza katika orodha uliyoambatanisha: "Je, hujalipia leseni ya mtumbwi mwaka huu? Jibu NDIYO au HAPANA." Hilo ni swali kanushi, na swali kanushi linalodai ndiyo au hapana ni kosa ninalolikuta kwenye fomu za karatasi, kwenye simu na sasa kwenye msimbo wako. "Ndiyo" ya Kiswahili hukubaliana na kauli ya muulizaji. Ukiniuliza "hujalipia?" nami sijalipia, nitakujibu "ndiyo, sijalipia", na jirani yangu aliyekwisha kulipa atakujibu "hapana, nimelipia". Programu yako itachukua ile ndiyo yangu, iandike "kweli" katika safu ya "amelipia", na papo hapo mdaiwa atakuwa amelipa, naye aliyelipa atatumiwa meseji ya kudaiwa.

Usidhani kwamba utaponya jambo hili kwa kubadili jina la safu liwe "hajalipia". Katika mwalo huohuo wapo waliosoma Kiingereza miaka mingi hata wakazoea kujibu kwa mtindo wake, ambao mtu asiyelipa huitikia "hapana, sijalipia". Basi utakuwa na watu wawili ambao mitumbwi yao imefungwa kamba kwenye nguzo moja, wote hawajalipa, mmoja amekuandikia ndiyo na mwingine hapana, na wote wawili wamesema ukweli. Hakuna msimbo utakaowatenganisha, kwa sababu kilichopotea kilipotea ndani ya swali kabla jibu halijatumwa. Thamani hizi mbili za kompyuta, kweli na si kweli, huitwa kwa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu cha mantiki mwaka 1854, nazo huhukumu hali ya jambo lenyewe: leseni imelipiwa au haikulipiwa. "Ndiyo" yetu huihukumu kauli. Mambo hayo mawili hulingana pale tu swali linapokuwa yakinishi, yaani lisilo na ukanushi.

Tazama jinsi wasemaji wenyewe wanavyoikwepa hatari hii kila asubuhi. "Hujambo?" ni swali kanushi, yaani huna jambo linalokusumbua, na hakuna anayelijibu kwa ndiyo wala hapana, tunajibu "sijambo", tukikirudia kilichoulizwa ili pasibaki shaka. Muulize mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba kama ameshalipa ushuru, atakwambia "nimelipa" au, mara nyingi zaidi, "bado". Neno hilo "bado" lingestahili kuwa kipenzi cha kila mtunga programu, kwa kuwa halitikiswi na ukanushi: "Umelipa?" Bado. "Hujalipa?" Bado. Maana ni ileile, hajalipa. Kwa hiyo andika: "Je, umelipia leseni ya mtumbwi mwaka huu? Jibu TAYARI au BADO."

Utapata faida nyingine hapo. Kuna mazoea ya kusoma herufi ya kwanza tu ya jibu, na katika maktaba za kompyuta, yaani mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa, zilizotungwa kwa Kiingereza herufi "n" huhesabiwa kuwa ni kukataa. Ndivyo strtobool, amri ya lugha ya programu ya Python, ilivyoihesabu "n" iliyoandikwa peke yake, hadi moduli iliyoibeba ilipoondolewa katika toleo la 3.12. Kwetu "n" ni mwanzo wa ndiyo. Mvuvi akifupisha jibu lake, kukubali kwake kutageuzwa kukataa bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. T na B hazina ugomvi huo. Na usiliachie jibu zima mikononi mwa bool() ya Python, kwani kwake maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli, "hapana" ikiwamo.

Nimalizie na "hamna". Kwa asili ni neno la mahali: ndooni hamna dagaa. Kulitumia badala ya hapana ni uvivu nisioupenda, lakini limeenea Mwanza nzima na maana yake kama jibu haina utata, hivyo liweke kwenye orodha ya kukataa pamoja na "hakuna", "siyo" na "la". Jibu lisilokuwamo katika orodha, programu isilikisie wala isilihesabu kuwa si kweli. Irudishe swali kwa mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye atakayesimamishwa na doria ziwani kwa jibu ambalo hakulitoa.