Kwotabeki wa chuo tumpime kwa kipi?

SWALI: Mhariri, mimi na mdogo wangu hapa Kondele, Kisumu, hubishana kila mwaka kabla ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Yeye humtaka kwotabeki (mrusha pasi wa timu) mrefu mwenye mkono wa nguvu. Mimi hutazama rekodi ya chuoni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, uteuzi wa 2018 unawapa nyote hoja. Josh Allen wa Wyoming, ambaye chuoni pasi zake zilizofika zilikuwa takriban asilimia 56 tu, alichaguliwa wa 7 kwa sababu ya umbo na mkono wake, na baadaye akawa mchezaji bora wa msimu wa 2024. Lamar Jackson, aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa chuo cha Louisville, aliachwa hadi nafasi ya 32, kisha akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2019 na 2023. Josh Rosen, wa 10, aliuzwa baada ya msimu mmoja.

Mimi, kwa dhati, hutazama miguu na macho. Mabeki wanapomvamia kwotabeki, je, anasogea hatua moja huku akimtafuta mpokeaji wa pili, au anainamisha kichwa na kukimbia? Isitoshe, timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huchagua kwanza, isipokuwa imeuza zamu yake, hivyo kijana bora mara nyingi huangukia kwenye timu yenye ukuta dhaifu wa wachezaji wa kumlinda. Mkibishana tena, ulizaneni kwanza ni timu gani inamchukua.