Kabla Hujaandika "Yathibitisha"

Msomaji wa Kisumu anayeandaa muhtasari wa Kiswahili wa utafiti wake wa biokemia ameuliza: "Mwalimu, lipi ni sahihi: 'Picha ya fuwele inathibitisha kwamba pirimethamini imeshikana na kimeng'enya', au 'imeshikamana na kimeng'enya'?"

(Pirimethamini ni dawa ya malaria; kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia.) Andika imeshikamana. Kushikana ni kitendo cha wawili, kila mmoja akimshika mwenzake. Kiambishi -ama- huleta hali ya kutulia mahali, kama katika simama, inama na kwama, na dawa iliyotua ndani ya kishimo cha protini imo katika hali hiyo hasa.

Lakini mbona hukuuliza kuhusu inathibitisha? Neno hilo ndilo linaloniumiza. Kila jioni redioni msemaji "anathibitisha" ajali, chifu "anathibitisha" mafuriko ya Nyando, naye mgombea "anathibitisha" kwamba atawania. Hakuna aliyethibitisha kitu! Wameeleza, wamekiri, wametangaza. Mzizi wa kitenzi hiki ni wa Kiarabu, wenye maana ya kukaa imara. Anayethibitisha hulifanya jambo lisitikisike tena. Sasa ugonjwa huu umeingia maabara, na huko unadhuru zaidi.

Itazame fuwele yako, yaani protini iliyojipanga safu kwa safu ili ipigwe eksirei. Eksirei hutawanywa na elektroni, kisha kompyuta hukokotoa ramani ya msongamano wa elektroni, yaani ya mahali elektroni zilikojaa. Ushahidi wako ni ramani hiyo. Vile vijiti vya rangi vilivyomo ndani yake, pete za pirimethamini pamoja na klorini yake, viliwekwa na mtu au programu: hiyo ni tafsiri, nayo huitwa modeli. Kwa picha ya ukali wa angstromu 2.8 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, na namba ikikua picha hufifia), atomu mbili za kaboni zilizoungana, zenye nafasi ya angstromu 1.5 hivi kati yao, hazitengani. Unaona uvimbe mmoja tu. Ndani ya uvimbe huo huenda mna dawa. Huenda pia mna gliseroli uliyoitia ili fuwele isiharibiwe na baridi, au salfeti ya mchanganyiko uliooteshea fuwele, au maji matupu. Pengine dawa imo katika nusu ya molekuli za protini, na nusu nyingine hazina kitu. Tena mtafiti mwenye hamu akishusha kiwango cha ramani ya tofauti, ile inayoonyesha vipimo vinapoachana na modeli, kutoka sigma 3 hadi 2 (sigma hupima uvimbe umepanda kiasi gani juu ya mtawanyiko wa kawaida wa ramani), hata makosa ya vipimo huanza kufanana na dawa anayoitamani. Juu ya hayo yote aje aandike yathibitisha!

Kiswahili hakikutunyima ngazi. Uvimbe hafifu unadokeza. Uvimbe unaolingana na umbo la dawa unaashiria. Ukibaki wazi hata baada ya kuiondoa dawa kwenye modeli na kukokotoa ramani upya, unaonyesha. Thibitisha ingojee ushahidi kutoka nje ya fuwele, na pirimethamini yenyewe ni mfano mwema. Umbo la kimeng'enya hicho cha kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, lilichapishwa mwaka 2003, lakini kabla ya hapo ilikwisha kujulikana kwamba serini ya nafasi ya 108 ikigeuka asparajini (zote mbili ni asidi amino, matofali ya protini), kimelea huwa sugu. Fuwele ikaonyesha sababu: asparajini hubanana na upande wa dawa wenye klorini. Jeni, vipimo vya maabara na fuwele vikanena jambo moja. Hapo andika thibitisha bila hofu.

Nakaza uzi kwa sababu huku kando ya ziwa akina mama wajawazito humeza dawa yenye pirimethamini ili kujikinga na malaria, na atakayetafuta dawa mpya atauanzia utafiti wake kwenye kitenzi ulichokichagua wewe.

Sentensi yako, basi, iwe: "Ramani ya msongamano wa elektroni inaashiria kwamba pirimethamini imeshikamana na kimeng'enya." Papo hapo taja ukali wa picha kwa angstromu na kiwango cha sigma. Msimamizi wako akisema kitenzi hicho ni dhaifu, mkokotolee ramani bila dawa ndani ya modeli. Uvimbe ukisimama, mpe inaonyesha.