Ukumbi wa sanaa chuoni: maswali yenu kuhusu msimu wa maonyesho

Maswali ya safari hii yametoka kwa waratibu, mafundi na wanafunzi wanaojitolea katika makumbusho ya vyuo vikuu yenye kumbi za sanaa ya kisasa. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyajibu pamoja.

Tuna ukumbi mmoja. Mkuu wa idara anataka maonyesho sita ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Inawezekana?

Kwenye karatasi, ndiyo. Ukumbini, hapana. Anzeni kwa kuhesabu siku ambazo mlango utakuwa umefungwa. Kubadilisha onyesho la ukubwa wa wastani, tuseme kazi 30 na vidio mbili, hula wiki mbili na nusu hivi: siku mbili za kushusha kazi na kuandika ripoti ya hali ya kila moja, mbili za kufungasha, moja ya kuziba matundu, mbili za msasa na rangi, kisha siku kadhaa za kuacha rangi ikauke na harufu itoke, tatu au nne za kutundika, moja ya taa, na moja ya lebo na usafi. Mara sita, hizo ni wiki 15. Kama mwaka wenu una wiki 30 za mafundisho, kila onyesho litabaki wazi wiki mbili na nusu tu. Mhadhiri hawezi kupanga somo juu ya kitu cha muda mfupi namna hiyo.

Ushauri wetu: maonyesho mawili makubwa, moja kila muhula, na dogo la kazi za wahitimu mwishoni. Mabadiliko yafanyike wakati wa mitihani au likizo, maana siku hizo ukumbi hauna watu hata hivyo.

Ratiba ikibanwa, kinachopunjwa kwanza ni muda wa rangi. Rangi ya maji hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini huendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi. Ukutani, hewa ikizunguka vizuri, siku nne au tano zinavumilika. Ndani ya kabati la kioo lililofungwa ni hatari zaidi kwa sababu mvuke hauna pa kutokea: baada ya kulipaka, liacheni wiki mbili hadi nne likiwa wazi. Na kabati msilitengeneze kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) tupu au mbao za mwaloni, kwani hutoa asidi inayoharibu metali, hasa risasi, na kudhoofisha karatasi.

Maombi ya kukopa kazi za sanaa nayo yana saa yake. Makumbusho mengi makubwa hutaka barua miezi sita kabla, na mengine mwaka mzima.

Picha zetu zina ukubwa tofauti. Tunazipangaje zisionekane zimepanda na kushuka?

Zilinganisheni katikati; mkilinganisha ukingo wa juu, macho ya mtazamaji yatapanda na kushuka. Kumbi nyingi huweka katikati ya picha kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni. Chagueni kipimo kimoja, mfano 150, mkishike onyesho zima. Kimo cha skrubu kutoka sakafuni hupatikana hivi: 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi waya ukiwa umevutwa juu. Picha ya kimo cha sentimita 80 ambayo waya wake uko 12 chini ya ukingo: 150 + 40 − 12 = 178. Pima maji iwekwe juu ya fremu baada ya kutundika, maana sakafu na dari za majengo ya zamani hazikunyooka. Tumieni ndoano mbili badala ya moja, picha isilale upande kila mlango unapobamizwa.

Waya haufai kwa kazi nzito. Ikizidi kilo 20 hivi, tumieni mbao mbili zilizokatwa mshazari wa nyuzi 45, moja ukutani na nyingine nyuma ya fremu, zikae zikiumana. Ukuta wa jipsamu peke yake msiuamini kwa uzito huo. Wekeni plaiwudi ya milimita 18 nyuma yake mnapoujenga, na mtashukuru kila msimu.

Kuna kazi zinazokataa hesabu hii. El Anatsui, mchongaji aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, hushona vizibo vya chupa kwa waya wa shaba hadi viwe kama shuka kubwa la metali, na mikunjo huwaachia wanaotundika waamue. Kazi ya namna hiyo itengeeni siku nzima, na mpige picha kila hatua, kwa sababu mwenye kazi ataziomba.

Aliyetukopesha kazi ametuwekea kikomo cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso wa kitu). Wageni wanalalamika giza. Tumwombe aongeze?

Msimwombe. Luksi 50 ndiyo desturi kwa karatasi, nguo, michoro ya rangi za maji na picha za kamera za rangi; michoro ya mafuta na akriliki huruhusiwa hadi 200. Madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarudi nyuma, hivyo kinachopimwa ni nguvu ya mwanga mara saa. Ukumbi ulio wazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki kumi, ni saa 480. Kwa luksi 50 mtatumia luksi-saa 24,000. Mkipandisha hadi 150, kiasi hichohicho kinakwisha ndani ya wiki ya nne.

Giza wanalolalamikia mara nyingi ni la mlangoni. Mtu anatoka juani penye maelfu ya luksi na kuingia moja kwa moja kwenye 50. Macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea. Anzeni ukumbi na kazi zinazostahimili mwanga zaidi, mpunguze mwanga chumba kwa chumba. Fungeni madirisha yote, maana mwali mmoja wa jua huifanya picha ya jirani ionekane nyeusi. Lebo zipewe maandishi makubwa na zisiwe na ung'avu. Pimeni kwa kipima mwanga kilichowekwa usawa wa uso wa picha, jicho hudanganya.

Mchoro wa akriliki ulifungwa kwa nailoni ya mapovu. Tumeifungua na uso umebaki na alama za duara. Tufanyeje?

Msisugue, msipashe moto. Pigeni picha kwa mwanga wa pembeni, andikeni kwenye ripoti ya hali, mjulisheni mwenye kazi siku hiyohiyo, kisha mwacheni mhifadhi aamue. Akriliki hubaki laini katika joto la kawaida la chumba na hunata chochote kinachoigandamiza. Kwenye baridi kali hugeuka ngumu na kupasuka. Safari ijayo uso usiguswe na kitu: ufungeni mchoro ndani ya fremu ya kusafiria iliyo na kina zaidi ya mchoro wenyewe, na nailoni ikae nje.

Sanduku la mkopo limefika leo alasiri, ufunguzi ni kesho jioni. Tulifungue?

Hapana. Likae ukumbini saa 24 likiwa limefungwa. Mkilifungua likiwa bado na baridi, unyevu wa hewa utageuka matone juu ya kazi. Mkaribisheni mgeni rasmi mbele ya ukuta wenye nafasi tupu ikibidi.

Projekta yetu inatoa picha ndogo, na sauti ya vidio moja inaingia kwenye nyingine.

Kila projekta ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha, umeandikwa kwenye kijitabu chake. Uwiano ukiwa 1.5 na mnataka picha ya mita 3, projekta ikae mita 4.5. Pimeni kabla ya kujenga vyumba. Sauti haizuiwi na pazia jepesi; inahitaji zulia, pazia zito lenye mikunjo na, bora zaidi, kuta zilizojazwa sufi ya madini. Vidio mbili zenye mazungumzo zisikae jirani. Mojawapo ipewe visikilizio.

Kichezeshi kipangwe kianze chenyewe umeme ukirudi na kurudia bila kukoma. Kompyuta ya mtu msiitumie; itaonyesha ujumbe wake mbele ya dekani.

Tunakopeshwa kazi ambayo ni karatasi ya maelekezo tu. Mkataba uandikweje?

Michoro ya ukutani ya msanii Sol LeWitt huenda hivyo: hati na mchoro wa maelekezo, wengine wanaitekeleza, kisha onyesho likiisha hupakwa rangi juu. Zipo pia kazi za msanii Felix Gonzalez-Torres, kama rundo la pipi la 1991 lenye uzito unaokusudiwa wa pauni 175, karibu kilo 79, ambalo wageni huchukua pipi zake na ukumbi unaweza kujazia. Mkataba useme nani ananunua vifaa na vya aina gani, nani anaruhusiwa kutekeleza, nani anaidhinisha kabla ya kufungua, na mabaki yanaharibiwaje. Bima ilipie gharama ya kuitengeneza kazi upya, na hati yenyewe iwe na thamani yake peke yake.

Kukiwa na chakula, wekeni mitego ya gundi na kuikagua kila wiki. Makumbusho mengi ya vyuo yana ndege waliokaushwa na ngozi chini ya paa hilohilo. Mende na panya huja kwa ajili ya sukari, lakini wadudu walao manyoya hawachelewi kuwafuata.

Lebo iwe na maneno mangapi?

Sitini. Tasnifu ikae kwenye katalogi.

Wahadhiri wa fani nyingine hawaleti madarasa yao. Tuwavuteje?

Wapelekeeni orodha ya kazi wiki sita kabla ya muhula, kabla hawajafunga mpango wa masomo, kila kazi na sentensi moja inayogusa fani yao: kemia ya rangi, sheria ya hakimiliki, takwimu ndani ya picha. Darasa la dakika 50 latosha kazi tatu. Wanafunzi wasizidi 15 kwa kundi, mikoba ibaki nje, na penseli zitolewe mlangoni badala ya kalamu za wino.