Kamera ndogo ya kupandia mlima: nimebeba za wageni, sasa nabeba yangu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unataka kamera ndogo, nyepesi, ya kutembea nayo Lushoto mpaka Mtae mwezi wa saba, na mwakani Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Bajeti laki nane. Simu unayo, ila picha zake za alfajiri zinatoka kama zimefukizwa moshi, na ukivuta kitu cha mbali kinamomonyoka. Wenzangu wamekutajia kamera za kila aina, mmoja hadi kakushauri ununue ile kubwa ya kubadilisha lenzi eti usije ukajuta baadaye. Hapo ndipo nimeona niandike.

Mimi mlimani nilianzia kwenye ugumu, yaani kubeba mizigo ya watu. Misimu minne. Baadaye nikawa msaidizi wa muongozaji, na kazi moja ya msaidizi ambayo haipo kwenye mkataba ni upigaji picha. Kila mgeni akifika kwenye kibao cha kileleni anakuvulia kamera yake shingoni: "Nipige hapa." Kwa hiyo kamera nilizozishika, nyingine kwa glavu, nyingine vidole vimekufa ganzi, ni nyingi kuliko za muuza duka. Muuza duka hajawahi kuiwasha kamera saa kumi na moja alfajiri juu ya Barafu, ile kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Nikupe kisa cha ile kubwa kwanza. Mgeni mmoja, mtu mzima, alipanda Machame na kamera ya kubadilisha lenzi, na lenzi zake mbili. Na mfuko wake ilikaribia kilo mbili na nusu. Siku ya kwanza msituni ilikuwa shingoni. Siku ya pili ikahamia ndani ya begi lake la mgongoni. Siku ya tatu akaikabidhi kwa mgumu. Asubuhi ya nne tunapanda ukuta wa Barranco, mawingu yako chini yetu kama pamba, mzee anageuka anaulizia kamera yake. Kamera ilishatangulia. Wagumu ndivyo walivyo, wanakupita mbio na mzigo kichwani, ukifika kambini hema limesimama na chai imechemka. Mzee akapiga kwa simu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza gramu, hesabu sekunde. Kuanzia moyo uliposema "hii picha" mpaka kidole kinabonyeza, zimepita ngapi? Kamera ikiwa kwenye kifuko kilichofungwa kwenye mkanda wa begi, hapa kifuani, ni sekunde tano na miguu haijasimama. Ikiwa ndani ya begi, lazima usimame, uvue, ufungue zipu, utafute chini ya koti la mvua, na kundi limeshakuacha. Utafanya hivyo mara mbili, ya tatu utaona uvivu. Shingoni nako usiiweke. Pale Barranco pana mahali njia inabana mpaka unalikumbatia jiwe, waongozaji wanalitania kwamba ni jiwe la kubusu. Kamera inayoning'inia ndiyo inayobusu kwanza.

Ukishalikubali hilo, ugomvi wa gramu unakwisha wenyewe. Kamera ndogo za maana zote ziko palepale: Canon G9 X Mark II gramu 206, Sony RX100 ya kwanza 240, Ricoh GR III 257, RX100 III 290, Canon G7 X Mark II 319. Kati ya nyepesi na nzito hapo tofauti ni gramu mia na kitu, na wewe mgongoni umebeba lita tatu za maji ambazo ni kilo tatu. Unene ndio wa kuuangalia. RX100 ya kwanza ina milimita 36, inaingia hata mfuko wa suruali. Inayotuna sana kifuko chake kitakupiga mbavuni siku nzima.

Sasa sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Hapa ndipo wauzaji wanapowazungusha watu kwa megapikseli. Kamera nyingi ndogo za bei rahisi zina sensa ya takribani milimita 6 kwa 4.5. Hizi za RX100, G7 X na wenzake zina ile inayoitwa ya "inchi moja". Haifiki inchi, jina hilo ni urithi wa enzi za mirija ya kamera za televisheni. Vipimo vyake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu mwenyewe: eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo. Mwanga ni kama mvua na sensa ni kama bati la kukingia, bati pana linajaza ndoo haraka. Alfajiri unayoilalamikia, jibu lake liko hapo, pamoja na lenzi inayofunguka vizuri, f/1.8 au f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana). Ricoh GR III ina sensa kubwa kuliko hiyo zaidi ya mara tatu, na picha zake za mandhari ni tamu sana, ila haina zumu kabisa na kwa laki nane huipati.

Kwenye zumu naona utateleza, kwa sababu umeandika unataka "angalau 30x". Zipo. Canon SX740 HS inavuta mara 40 na ina gramu 299 tu. Lakini imewezaje kubana mvuto wote huo kwenye mwili mdogo hivyo? Kwa kutumia ile sensa ndogo, na lenzi ambayo ukivuta mpaka mwisho inabaki f/6.9, yaani kitundu cha sindano. Saa saba mchana kwenye tambarare ya Mkomazi itakupa tembo safi. Ndani ya msitu wa Magamba, mbega yuko juu ya mti kwenye kivuli na ukungu wa kipupwe umetanda, itakupa kitu cheusi chenye mkia mweupe. Ukitaka kuvuta na bado ubaki na sensa ya inchi moja, tafuta Panasonic TZ100: lenzi yake ni milimita 25 mpaka 250, yaani inavuta mara kumi, gramu zinapita 300 kidogo, na ina kitundu cha kuchungulia.

Kitundu hicho usikidharau. Juu ya mita elfu tatu na mia tano jua halina mzaha, kioo cha nyuma kinageuka kioo cha kujitazamia pua. Nimepiga picha nyingi za wageni kwa kubahatisha, nikielekeza kamera pale ninapodhani kibao kipo. RX100 ya kwanza na ya pili hazina kitundu mwilini. Kuanzia ya tatu, ile ya 2014, kipo, kinaibuka juu ukikifungua.

Na kingine ambacho kwenye tathmini za Wazungu hutakikuta, maana hakiwahusu sana: sura zetu. Mpige mtu mweusi amesimama mbele ya barafu au mbele ya anga jeupe, uiachie kamera iamue yenyewe. Itaogopa weupe ule, ibane mwanga, barafu itoke kijivu na rafiki yako atoke kivuli chenye meno. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya + na −. Ongeza moja, ukiona uso bado hausomeki ongeza kidogo tena. Kwa hiyo dukani ulizia hilo mapema: kitufe hicho kiko wapi, na unaweza kukigeuza ukiwa na glavu? Kwenye G7 X Mark II ni gurudumu kabisa, liko juu pale kidole gumba kinapofikia, halihitaji uingie kwenye menyu. Kwa kazi yangu ya kupiga watu kileleni, hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko nyingi.

Vumbi sasa. Kamera yangu ya kwanza, jina naliacha, niliinunua kwa pesa za bakshishi za msimu mzima. Ilikufa siku ya nne, njia ya Marangu, kwenye lile jangwa kati ya Mawenzi na Kibo. Upepo ulikuwa unachota vumbi laini kama unga wa muhogo. Niliwasha, lenzi ikatoka nusu, ikalia kriii, ikabaki hapohapo kama kobe aliyeona mgeni. Baadaye fundi mmoja wa Arusha akaifungua mbele yangu na kunionyesha mchanga kwenye meno ya gia. Alinieleza kitu ambacho sijakisahau: lenzi inayotoka na kuingia ni mvukuto wa mhunzi, kila ikitoka inavuta hewa ndani, na hewa ikiwa na vumbi inavuta vumbi. Tangu hapo kwenye upepo naigeuzia mgongo kwanza, ndiyo naiwasha. Siiwashi ovyo, na ikizimwa inarudi kifukoni papo hapo.

Ndiyo maana nawaheshimu wenye Olympus TG-5 na TG-6, ingawa wapiga picha wengi wanazicheka. Lenzi haitoki nje, yote iko ndani nyuma ya kioo. Inazama maji mita 15, inaanguka mita 2.1, inavumilia baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na inakaribia kitu hadi sentimita moja. Hilo la mwisho ni kubwa kwa Usambara. Kule kuna vinyonga wa pembe mbili wanaokaa kwenye vichaka kando ya njia, na ukiwa na TG unahesabu magamba ya kope. Sensa yake lakini ni ile ndogo. Alfajiri haitakutoa kwenye shida uliyoanza nayo.

Betri nitasema kwa ufupi, japo ndiyo inayoliza watu wengi. Hizi kamera zina vibetri vidogo. RX100 VII imekadiriwa picha 260 kwa chaji moja, GR III 200, na kipimo hicho si cha mlimani. Baridi inapunguza kasi ya kemia ndani ya betri, unaondoka Barafu usiku wa manane kamera inaonyesha imejaa, unafika Stella Point, karibu na kilele, inakuambia kwaheri. Mara nyingi haijaisha, imeganda tu. Ipashe kwapani dakika kumi, inafufuka. Beba mbili za akiba, zilale nawe ndani ya begi la kulalia, na usiku wa kileleni zikae mfuko wa ndani kabisa, zigusane na mwili. Na ukirudi kwenye joto usiitoe kamera kifuani ukaifungua hapohapo, umande utaingia mpaka ndani ya lenzi. Ifunge kwanza kwenye ule mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, iache nusu saa ipate joto taratibu.

Ningekuwa wewe na laki nane zako? Mpya za inchi moja sahau, bei zake zimepanda miaka hii baada ya vijana huko nje kuzirudia kamera ndogo. Tafuta RX100 III iliyotumika. Ndiyo ninayotembea nayo mimi, lenzi yake ya milimita 24 mpaka 70 inabaki f/2.8 hata ukivuta mwisho, na kitundu kipo. Mbega hutampata, mwachie. Ukikosa, G7 X Mark II. Kama picha zako nyingi ni za mchana na za kundi zima mmekumbatiana, weka pesa yako, simu inatosha, nunua viatu.

Ukiipata Kariakoo au kwa mtu, usione haya kuikagua. Iwashe na kuizima mara kumi mfululizo, sikio karibu: mlio wa lenzi uwe uleule mara zote kumi, ukisikia inakwaruza rudisha. Vuta zumu mwisho na urudi. Kisha weka tundu la lenzi kwenye f/11, piga picha anga tupu au ukuta mweupe, uikuze kwenye kioo. Vidoa vya kijivu visivyohama ni vumbi limeshakaa kwenye sensa, na kwenye kamera hizi huwezi kuivua lenzi ukapangusa. Toa betri uiweke mezani, ikizunguka kama pia ujue imevimba.

Kifuko usinunue cha dukani, kinakuwa kikubwa na zipu yake inataka mikono miwili. Changu kilishonwa na fundi viatu wa Moshi, karibu na stendi. Nilimpelekea kamera yenyewe akaipima, akashona kwa turubai ya hema bovu, ndani akaweka kipande cha blanketi, mdomo akaufunga kwa velkro. Elfu saba, na akanidai soda. Velkro nayo ina ubaya wake, inalia kraa msituni na mbega wanakimbia, lakini nimeshakuambia mbega usimuwaze.