Muulize Mama Wakili: Nilikuja kusomea mazingira, naletewa konokono

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria. Kwetu ni Kilombero. Nimeuona mto ukikonda mwaka hadi mwaka, nikaapa nitakuwa mwanasheria wa mazingira. Nimefika chuoni, muhula mzima ni Mikataba, Sheria ya Madhara (ile ya kumdai aliyekudhuru hata kama hamna mkataba) na kesi za Waingereza waliokufa zamani. Mwanamke kanywa soda yenye konokono. Bwawa la mtu limebomokea mgodi wa jirani. Kozi ya maendeleo endelevu tunayo, ila tunasoma na vitivo vyote, saa mbili kwa wiki. Mhadhiri wake hajataja kesi hata moja, na wale wa sheria hawajataja mti hata mmoja. Jaribio la Mikataba nimeanguka, naogopa sapu, ule mtihani wa marudio. Rafiki yangu ananishauri nihamie sayansi ya mazingira kabla bumu la muhula wa pili halijatoka. Nifanyeje?
Mwana wa Kilombero, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame kwanza. Na ukihama, isiwe kwa sababu ya konokono.

Mwaka 2011 aliingia ofisini kwangu Morogoro mama mmoja na mfuko wa rambo (enzi hizo rambo zilikuwa bado halali). Ndani mlikuwa na vitenge vya batiki, anavitengeneza mwenyewe uani kwake. Akatandaza kimoja juu ya mafaili yangu. Kitambaa cha bluu, kimejaa vidoadoa vya kijivu kama mgongo wa kanga, kanga ndege. Nikamwambia kizuri. Akanitazama kama anatazama mjinga. "Wakili, hayo ni majivu." Nyuma ya ukuta wake kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zilichomwa hapo hapo. Majivu yakiruka yanaikuta nta bado laini kwenye kitambaa, yananasa. Ukichemsha kuitoa nta, doa linabaki.

Sasa niambie, hiyo ni kesi ya mazingira au ugomvi wa majirani wawili? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilikuwepo, na kifungu chake cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Lakini yule mama hakuja kudai haki ya kila mtu. Alitaka majivu yakome na alipwe vitenge vyake. Hiyo kisheria inaitwa kero, na imo kwenye desa lako la Sheria ya Madhara, pengine ukurasa ule ule unaotaka kuuruka.

Tulikwama kwenye hasara. Wakili wa upande wa pili alikuja kugundua kwamba vitatu kati ya vile vitenge vilikwisha kuuzwa. Wanunuzi walidhani ni mtindo mpya, wakalipa bei kamili. "Hasara iko wapi, dada?" Nilicheka, lakini usiku sikulala. Kuthibitisha hasara, kuonyesha kwamba imetoka kwa huyu na si kwa moshi wa jirani wa nne, kuamua kama unaomba fidia au zuio: hapo ndipo kesi nyingi za mazingira zinapofia, na yote hayo ni masomo ya mwaka wa kwanza.

Kuhusu Waingereza wako. Bunge letu halijatunga kitabu kimoja cha Sheria ya Madhara. Sehemu kubwa tumeirithi, na sheria zetu zinasema tuliipokea ile ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kesi ya bwawa, Rylands v Fletcher, ni ya 1868, kwa hiyo imo. Konokono wa kwenye soda, Donoghue v Stevenson, ni wa 1932, amechelewa basi. Huyo anawashawishi tu majaji wetu, hawafungi kumfuata. Liandike hilo kwenye mtihani uone mhadhiri atakavyokutazama. Na ile ya bwawa usiidharau: aliyeleta kwenye ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, atakibeba mwenyewe, hata kama hakuzembea. Toa yale maji, weka maji ya sumu ya mgodini au kemikali za kiwanda cha ngozi, usome upya.

Ukitaka kesi ya nyumbani, itafute maktaba: Mahakama Kuu, Dar es Salaam, Shauri la Madai Na. 299 la 1988. Wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga takataka za jiji zima milangoni mwao, na moshi na harufu na nzi wake. Wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga. Jaji Lugakingira akasema, nayaweka kwa maneno yangu, kwamba hajapata kusikia popote mtu au mamlaka ya umma ikienda mahakamani kifua mbele kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Akaishika Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Kesi iliyoanza na nzi wa jirani ikaishia kwenye Katiba. Mimi kila nikiisoma nasisimka, na nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kadi za harusi.

Lakini fuatilia kilichotokea baada ya hukumu. Takataka hazikuyeyuka. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi 795 wa huko wakaenda mahakamani nao, safari hii kwa njia ya sheria ya umma, ile inayosimamia mamlaka za serikali, wakiomba amri dhidi ya uamuzi wa Jiji. Wakashinda nao. Dampo likaenda Vingunguti, likaenda Mtoni, leo liko Pugu Kinyamwezi. Sheria binafsi, ile ya mtu kumdai mtu, inamsikiliza aliyesimama mbele ya jaji. Jirani wa dampo lijalo hayumo kwenye faili.

Nami nililifanya kosa hilo hilo. Kesi ya batiki tuliimaliza kwa hati ya suluhu: mwenye mashine amlipe mama, na asichome tena pumba pale. Kile kifungu nilikiandika mwenyewe, nikakionea fahari. Miezi kadhaa baadaye nikiwa njiani nje ya mji naona tanuri za matofali zinafuka. Nikauliza wanachomea nini. Pumba, wananunua kwa lori. Kutoka kwa nani? Kwa yule yule bwana wangu wa mashine. Pembeni nguo za watu zimeanikwa. Ningekuwa nimekaa hata wiki mbili kwenye hiyo kozi yako ya saa mbili, ningeuliza kabla ya kusaini: pumba zitakwenda wapi?

Wengine wanajaribu kumpanua huyo jirani, hata aliye bara jingine ahesabiwe. Mwaka 2015 mkulima wa Huaraz, Peru, aliishitaki kampuni ya umeme ya Ujerumani, RWE. Alidai asilimia 0.47 ya gharama ya kuukinga mji wake na ziwa lililojazwa na barafu inayoyeyuka mlimani, kama yuro 17,000. Silaha yake ilikuwa kifungu cha 1004 cha Sheria ya Madai ya Ujerumani, kile cha mwenye mali anayesumbuliwa kwenye mali yake. Mei 2025 mahakama ya Hamm ilitupa rufaa yake, kwa kuwa hatari kwa nyumba yake haikuthibitishwa vya kutosha. Ila ilikubali kwamba kimsingi mchafuzi mkubwa wa hewa anaweza kubebeshwa gharama hata akiwa bara jingine. Aliangushwa na ushahidi, kama vitenge vyangu nusura viniangushe mimi.

Sasa sapu. Acha kukariri desa. Kila kesi iandikie mistari mitatu kwa Kiswahili chako: nani alimfanyia nani nini, aliomba nini, na nani hakuwepo mahakamani ingawa jambo linamgusa. Huo mstari wa tatu haumo kwenye mtihani wa Mikataba, ni wa kwako. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hicho kikariri tu, samahani.

Na mto wa kwenu. Mto unaokonda hauna mkosaji mmoja wa kumpelekea hati ya wito, kwa hiyo kero peke yake haitakufikisha. Huko ni vibali vya kutumia maji, na Kilombero imo kwenye Bonde la Rufiji. Ofisi ya bodi ya bonde hilo iko hapo hapo Iringa ulipo. Siku isiyo na kipindi nenda kaulize kibali cha maji kinafananaje, kinatolewa kwa nani na kwa masharti gani. Vaa shati la mikono mirefu, watakusikiliza.

SWALI: Mama Wakili, kijijini kwetu imekuja kampuni inataka msitu wetu kwa biashara ya kaboni, yaani kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, miaka 30. Mwenyekiti anasema ameshasaini. Tumefungwa?
Mjumbe, Ruvuma

JIBU: Mwenyekiti si kijiji. Kifungu cha 10 nilichomtajia kijana hapo juu kinataka pande zenye uwezo wa kuingia mkataba na ridhaa ya hiari. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria Na. 5 ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Biashara ya kaboni pia ina kanuni zake za 2022, ziulizieni wilayani. Halafu nitumie muhtasari wa huo mkutano mkuu, pamoja na orodha ya waliohudhuria na sahihi zao. Mkataba nitausoma baadaye. Kama muhtasari haupo, niandikie hivyo hivyo kwamba haupo.