Risiti ziko nyuma saa tatu, na kontena halifunguki

SWALI: Shikamoo kaka. Nasimamia mfumo wa mauzo wa duka la pembejeo hapa Morogoro. Umeandikwa kwa Python, unaendeshwa ndani ya kontena la Docker (kisanduku kinachobeba programu na kila inachohitaji) tulilolipa jina mauzo. Risiti zinatoka na saa ya nyuma: mteja ananunua mbolea saa nne asubuhi, risiti inaandika 07:00. Nilitaka kuingia ndani nitazame. Nikaandika docker attach mauzo, skrini ikakaa kimya, nikabonyeza Ctrl+C nitoke, mfumo wote ukazimika na foleni iko mlangoni. Nimeuwasha, nikajaribu docker exec -it mauzo bash, naambiwa bash, ile programu ya kupokea amri, haipo. Picha ya skrini nimeambatanisha. Naingiaje bila kuuzima tena?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Yaliyokupata yalinipata na mimi kwenye mfumo wa duka la dawa, siku ya mwisho wa mwezi, kwa Ctrl+C hiyo hiyo. Mwenye duka alikaa kimya tu akinitazama, na tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha kazi hii namwanzishia hapo.

Amri ya attach haikuingizi popote. Inakushikisha programu yenyewe inayoendesha kontena, ile yenye namba 1. Ukibonyeza Ctrl+C, ishara ya kusimama inaifikia Python moja kwa moja, nayo inatii. Programu namba 1 ikifa, kontena limekufa.

Unachotaka ni exec, ambayo Docker waliileta Oktoba 2014 katika toleo la 1.3. Inaanzisha programu ya pili ndani ya kontena lile lile, pembeni ya ile ya kwanza. Bash umeikosa kwa sababu imeji yako (kiolezo ambacho kontena huundwa kutokana nacho) imejengwa juu ya Alpine, aina ya Linux iliyo nyepesi, haiji na bash. Ina sh, inayofanya kazi hiyo hiyo:

docker exec -it mauzo sh

Herufi i inaacha njia wazi ili unachoandika kifike ndani, t inakupa terminali ya kuandikia. Ukishaingia andika ps. Utaiona Python ikiwa namba 1, na sh yako ina namba nyingine kabisa. Ndiyo maana ukiandika exit unatoka wewe peke yako na duka linaendelea kuuza.

Sasa andika date. Naamini utakuta UTC, saa ya kimataifa, kwa sababu kontena huanza na saa hiyo usipoliambia vingine, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Usijaribu kurekebisha ukiwa humo humo kwa export TZ, amri ya kupanga majira ya saa. Badiliko hilo litaishia kwenye sh yako. Python ilishaanza na mazingira yake na haitakusikia. Hata faili utakalolihariri humo litadumu hadi siku utakapoliondoa kontena na kuunda jipya, kisha linapotea, usipokuwa umelihifadhi kwenye voliumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena. Nimewaona mafundi wazuri wakirekebisha kitu kile kile mara tatu kwa sababu hiyo. Ndani ingia kwa kuchunguza. Marekebisho yafanyie nje.

Kwa hiyo ukiwa bado ndani hakikisha /usr/share/zoneinfo, folda ya majira ya saa ya dunia, ipo (kama haipo, ongeza kifurushi chake, tzdata, kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, na uijenge upya). Kisha toka. Usiku duka likishafungwa, na ukiwa na uhakika kwamba data zako ziko nje ya kontena, liondoe na uliwashe upya kwa amri yako ile ile, ukiongeza:

-e TZ=Africa/Dar_es_Salaam

Siku kontena litakapokuwa limezimika, exec itakataa, maana hakuna kinachoendeshwa cha kuingia. Hapo soma docker logs mauzo, mara nyingi sababu imeandikwa mistari ya mwisho.

Jambo jingine, na hili lina haraka kuliko saa ya risiti. Kwenye picha uliyonitumia, ile amri ya docker run inaonyesha nenosiri la hifadhidata yenu lote, herufi kwa herufi. Picha hiyo nimeifuta kwangu, ila sijui umeituma kwa nani mwingine. Libadilishe leo, kabla hujagusa kontena.