Nimepungua kilo 38, nyumba imekosa amani

Marahaba, mwanangu. Barua yako kutoka Tabata nimeisoma mara mbili, na kwa faida ya wasomaji wengine naieleza kwa kifupi. Una miaka 39, watoto wawili na meza ya vitenge Kariakoo. Kwa mwaka mmoja na nusu umetoka kilo 112 hadi kilo 74, kwa kupunguza ugali, kuacha soda na chipsi za usiku, na kushuka kwenye daladala Buguruni ili umalizie safari kwa miguu. Ulitegemea pongezi; badala yake wenzako wa vikoba wananong'ona kwamba umeathirika, mama mkwe amekuuliza mbele ya wageni kama unaumwa, na mumeo amekuwa kimya na anapekua simu yako. Unaniuliza kama si busara urudishe hata kilo 15 ili nyumba ipate amani.

Kabla ya swali hilo, niguse jambo uliloliandika kwa mstari mmoja kana kwamba si kitu: bado unameza dawa za presha kwa kipimo ulichoandikiwa ukiwa na kilo 112, na siku hizi ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu. Mwili ukipungua kwa kiasi hicho, presha nayo mara nyingi hushuka, na dozi iliyokufaa miaka miwili iliyopita inaweza kuwa kubwa mno leo. Usiziache dawa wala usizikate nusu kwa uamuzi wako. Nenda kliniki wiki hii, ubebe vidonge vyenyewe, na uwaeleze umepungua kilo ngapi na kwa muda gani. Nywele zilizonyonyoka mwaka jana zisikutishe sana, kwa maana huwatokea wengi miezi michache baada ya kupungua, na kwa kawaida huota tena; hata hivyo, zitaje.

Sasa nikujibu: usijirudishie unene kwa ajili ya kuwatuliza watu. Ila naona umewaweka kikundi na mumeo katika kapu moja, nami ningewatenganisha.

Minong'ono ya kikundi ina asili yake. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa urahisi, sisi wa rika langu tuliwazika ndugu ambao tuliwaona kwanza wakikonda. Jicho lililoyaona hayo hukimbilia ugonjwa kabla ya kuuliza, ingawa leo anayetumia dawa vizuri anaweza kuwa mnene kuliko ulivyokuwa wewe. Naelewa hofu hiyo ilikotoka, lakini huna deni nayo. Wazo lako la kupeleka cheti cha kipimo kikundini liache kabisa: majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa, ndivyo inavyosema hata sheria ya mwaka 2008, na ukiyatumia kujisafisha utakuwa umekubali kwamba aliyeathirika ana uchafu. Waambie umepungua kwa kutaka mwenyewe, kisha urudi kwenye hesabu za hisa.

Mumeo ni habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene: waliokuwa na wenzi walitengana zaidi kuliko wenzao wasiopasuliwa, na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Tabata si Sweden, wala wewe hukupasuliwa, lakini inaonekana kwamba mwili wa mmoja ukibadilika, ndoa ya wawili nayo huweza kutikisika. Jiulize yeye ameona nini. Ameona mke anayeondoka mapema kuliko zamani, asiyeketi naye tena chakula cha usiku, aliyebadilisha nguo zote, anayesifiwa na makonda. Mimi umenieleza kwamba daktari alikutisha, ukamkumbuka mama yako aliyefariki kwa kiharusi. Katika barua yote ndefu sikuona mahali ulipomweleza yeye hayo. Mweleze, mkiwa wawili, watoto wamelala. Kupekua simu ni kosa na ulitaje, ila lisiwe neno la kwanza. Mkitaka kupima VVU, nendeni pamoja, kituo cha afya cha serikali hakitawatoza, na usiende kama mtuhumiwa anayetafuta dhamana. Tena rudi mezani usiku, hata kama sahani yako itajaa mchicha kuliko ugali. Mama mkwe mwachie mwanawe amjibu.

Umeandika pia kwamba unakasirika wanaume wanapokuchangamkia sokoni, kwa kuwa ni wale wale waliopita mbele ya meza yako miaka kumi bila salamu. Sina dawa ya hasira hiyo, wala sidhani kwamba ni ugonjwa. Umegundua walikuwa wakikupima kwa kipimo gani, na jambo kama hilo halisahauliki upesi. Ninalokuomba ni kwamba usimchukie yule bonge wa kilo 112 unayesema huwezi tena kumtazama kwenye picha. Ndiye aliyewanyonyesha watoto hao na kuianzisha meza hiyo, na ndiye aliyeshuka Buguruni siku ya kwanza huku magoti yakimuuma.

Kuhusu sare ya harusi ya wifi yako, usimwambie fundi aishone pana ili kuficha mwili. Akupime upya, lakini aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono. Mwili uliopungua sana hutumia nguvu kidogo kuliko zamani na njaa yake huongezeka, hivyo wengi hurudisha kilo kadhaa hata wakijitahidi. Zikirudi tatu au nne, fundi atafumua.